Kudhibiti wadudu magamba kwenye miti na nyua za mapambo: mwongozo kwa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mtu anapoomba msaada kwa sababu ua wake wa kayaba unakauka, au mti ulio juu ya maegesho unadondosha maji yanayonata kwenye boneti ya gari, mara nyingi ameshapuliza dawa mara mbili tatu na hakuona tofauti. Huenda dawa haikuwa mbaya. Alipuliza wakati mdudu amejifunika, na mdudu gamba akishajifunika, unachofanya ni kulowesha paa la nyumba yake tu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kumtambua, jinsi ya kujua siku anazokuwa wazi, na nini cha kumpulizia siku hizo.

Mdudu mwenyewe

Jike la mdudu gamba halina mabawa, na katika jamii nyingi halitembei tena likishakomaa. Huchomeka mdomo wake mwembamba kwenye gome, jani au tunda, hukaa palepale mpaka kufa, na hujifunika kwa nta au ngozi ngumu. Dume lina mabawa na huishi siku chache tu. Ni nadra kuliona. Katika jamii nyingi jike hutaga mayai chini ya mwili wake, makumi hadi mamia. Yakianguliwa hutoka vitoto vyenye miguu sita, vidogo kuliko nusu milimita, vya rangi ya manjano, chungwa au zambarau kutegemea aina. Vitoto hivi hutambaa kwa saa chache hadi siku mbili hivi kutafuta pa kukaa. Upepo, ndege, nguo za mtunza bustani na makasi yake huvisafirisha hadi mti wa jirani. Kikishachomeka mdomo, kitoto huanza kujijengea gamba.

Kwa hiyo dirisha lako ni hapo: tangu kutoka kwenye yai hadi gamba lianze kuwa gumu. Sabuni, mafuta na dawa nyingi za kugusa hufanya kazi vizuri katika kipindi hicho, na vibaya nje yake.

Kwanza jua ni wa aina gani

Chukua wembe au ukucha, inua gamba moja taratibu.

Gamba likibanduka peke yake na kuacha mdudu mlaini amelala kwenye gome, huyo ni wa gamba gumu. Kwa kawaida ana milimita moja hadi tatu, bapa, wa duara au mrefu kama kome. Kundi hili lina gamba jekundu la michungwa na mawaridi (Aonidiella aurantii), gamba jeupe la shina la waridi (Aulacaspis rosae) na gamba jeupe la mwembe (Aulacaspis tubercularis), ambalo huacha mabaka ya waridi kwenye embe. Wadudu hawa hawatoi maji matamu. Ukiona matawi yanakufa, majani yana madoa ya manjano, lakini hakuna kunata wala weusi, washuku hawa kwanza.

Kikibanduka kitu kizima, gamba na mdudu pamoja, huyo ni wa gamba laini. Ni mkubwa zaidi, milimita mbili hadi sita, amebinuka mgongo. Hapa kuna gamba la kijani la mkahawa (Coccus viridis), ambalo pia hupenda michungwa na gadenia. Gamba la kahawia lenye umbo la kofia. Na magamba ya nta, yanayoonekana kama matone ya mshumaa mweupe yaliyomwagikia kijiti. Hawa hunyonya utomvu mwingi kuliko wanavyouhitaji na kuutoa nyuma kama maji matamu. Juu ya maji hayo huota ukungu mweusi, ndio ule weusi unaofunika majani ya mlimau. Ukungu wenyewe hauli jani, unaliziba tu jua. Kuupulizia dawa ya ukungu ni kupoteza pesa. Ukiondoa mdudu, ukungu hukauka na kubanduka wenyewe.

Wapo wengine wawili wa kuwajua. Wa kwanza ni Icerya purchasi, anayebeba mfuko mweupe wa mayai wenye mifereji kama kitambaa kilichokunjwa. Utamkuta kwenye miwati, mivinje, michungwa na mawaridi. Wa pili ni mdudu wa jakaranda na lantana (Insignorthezia insignis): mwili mdogo wa rangi ya giza, vipande vya nta nyeupe mgongoni na mkia mrefu mweupe wa nta. Huyu hutembea hata akiwa mkubwa, kwa hiyo usingoje vitoto pekee. Adui yake mkuu ni mdudu-kibibi mdogo aitwaye Hyperaspis pantherina, mwenye asili ya Amerika ya kitropiki, aliyeletwa Afrika Mashariki kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1993 wadudu-kibibi hao walichukuliwa kutoka Kenya na kuachiliwa kisiwani Saint Helena, katika Atlantiki ya Kusini, ambako mdudu huyu alikuwa akiimaliza miti ya asili isiyopatikana kwingine duniani. Waliiokoa. Kabla hujapuliza jakaranda yako, angalia kama hawapo tayari juu yake.

Na mara nyingine si gamba kabisa. Ua wa saiprasi unaokauka kwa mabaka ya kahawia kutoka ndani mara nyingi una vidukari vya saiprasi, walioingia Kenya mwaka 1990. Hao ni wa kijivu-kahawia, wana miguu inayoonekana, hutembea ukiwagusa, na dawa yao si mwongozo huu. Mabaka ya kijivu na kijani yaliyobandika gome la miti mizee ya Nakuru, ambayo ukiyakwaruza huoni mdudu chini yake, hayadhuru kitu. Vipele vya asili vya gome navyo haviinuki kwa ukucha.

Hatua ya 1: Kagua, na ujue walio hai

Kata vijiti kumi, vya urefu wa kiganja, kutoka pande zote za mti na hasa sehemu za ndani zenye kivuli. Angalia upande wa chini wa majani kando ya mshipa mkuu, maungio ya matawi, na upande wa kijiti usiopigwa na jua. Kioo cha kukuza mara 10 kinatosha.

Kwenye kila kijiti chagua magamba kumi na uyaminye moja moja kwa ukucha. Likitoa maji ya manjano, chungwa au zambarau, liko hai. Likipasuka kavu kama ganda la ufuta, limekufa. Halafu tazama matundu: tundu la duara safi juu ya gamba ni mlango alimotokea nyigu mdogo aliyemla mdudu kutoka ndani, gamba lililochanwa pembeni limetafunwa na mdudu-kibibi au lava wake. Andika: hai ngapi, kavu ngapi, zenye matundu ngapi. Zoezi hili lachukua nusu saa, na watu wengi hulikwepa, halafu wanapuliza mti ambao wadudu wake walikwishakufa miezi miwili iliyopita. Magamba yaliyokufa hubaki yamebandika gome kwa muda mrefu sana. Mti ulioonekana vibaya jana utaonekana vibaya kesho pia, hata kama dawa imefanya kazi asilimia mia.

Tahadhari moja: lava wa baadhi ya wadudu-kibibi wana manyoya meupe ya nta na hufanana na vidung'ata, wale wadudu wanyonyaji waliofunikwa na nta nyeupe kama unga. Kinachotembea haraka katikati ya magamba ni rafiki yako. Vidung'ata hujikokota.

Hatua ya 2: Amua kama unapuliza au unaacha

Kama karibu nusu ya magamba uliyominya ni makavu au yana matundu, na matawi mapya yako safi, acha. Pogoa kidogo, zuia sisimizi, kagua tena baada ya wiki nne. Maadui wa asili wameshashika kazi na dawa itawaua wao kwanza, kwa sababu wao hutembea juu ya jani wazi ilhali gamba limejificha.

Kama walio hai ni wengi, majani yanadondoka, ncha za matawi zinakufa na magamba yameshaanza kupanda kwenye machipukizi mapya, endelea na hatua zinazofuata. Kama zaidi ya nusu ya kichaka kimekufa hadi kwenye shina, king'oe. Kichaka cha aina hiyo hakirudi, na kinabaki ghala la kuambukiza majirani.

Hatua ya 3: Sisimizi

Kwa gamba laini, hii ni nusu ya kazi. Sisimizi hula maji matamu, na kwa malipo hufukuza nyigu na wadudu-kibibi. Ukiona mstari wa sisimizi ukipanda shina mchana kutwa, huwezi kushinda mti huo kabla hujaukata mstari.

Funga kitambaa au selotepu pana kuzunguka shina, upana wa sentimita 10, kisha paka grisi juu yake. Usipake grisi moja kwa moja kwenye gome, hasa la mti mchanga. Huliunguza na kuacha jeraha. Kata kila tawi linalogusa ukuta, waya wa umeme wa ndani ya ploti, kamba ya nguo au mti wa pili, kwa maana sisimizi watatumia daraja hilo siku hiyohiyo. Kagua utepe kila wiki: vumbi na majani makavu vikiganda juu yake, vinakuwa daraja vilevile. Uondoe baada ya miezi miwili mitatu usije ukakaba shina.

Ukitaka kuua kichuguu chenyewe, tengeneza chambo: lita moja ya maji, gramu 100 za sukari, gramu 10 za boraksi. Mimina kidogo kwenye pamba ndani ya kopo lenye matundu madogo, uweke chini ya mti. Usiongeze boraksi kwa kudhani itaua haraka. Ikizidi, sisimizi huonja na kuacha, au hufia njiani kabla ya kumpelekea malkia. Weka mbali na watoto na kuku.

Hatua ya 4: Pogoa, sugua, osha

Toa matawi yaliyojaa magamba na yaliyo ndani kabisa ya kichaka, ili hewa na dawa vipite. Ua wa kayaba au duranta uliokatwa juu tu miaka kumi huwa na ngozi ya majani nje na ndani vijiti vikavu vilivyojaa magamba. Huo lazima ufunguliwe. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja. Futa makasi kwa spiriti unapohama kichaka.

Vijiti ulivyokata usivirundike chini ya ua uleule. Vipeleke mita kadhaa kutoka kwa mimea mingine, uviache vikauke juu ya udongo mtupu. Vitoto havina nguvu ya kutambaa mbali na vitakufa njaa, lakini nyigu waliomo ndani ya magamba watatoka na kuruka kurudi kazini. Ndiyo maana hatupendi kuchoma mara moja, ingawa ndilo jambo la kwanza wengi hufanya.

Kwenye mashina na matawi manene, sugua kwa brashi ya nailoni na maji ya sabuni. Usitumie brashi ya waya. Kwa waridi moja au mmea wa chunguni, pamba iliyochovywa kwenye spiriti inatosha. Gusa mdudu tu, si jani zima.

Halafu osha kichaka kwa mpira wa maji, ukielekeza kutoka chini kwenda juu. Kando ya barabara za vumbi za Nakuru, hasa Januari na Februari, hatua hii peke yake hupunguza tatizo: vumbi huzuia nyigu wadogo kutafuta magamba, na ua ulio kando ya barabara ya murramu karibu kila mara huwa na wadudu wengi kuliko ule wa nyuma ya nyumba.

Hatua ya 5: Subiri vitoto

Tafuta vijiti vinne vitano vyenye magamba hai. Zungusha selotepu inayonata pande zote mbili kwenye kila kimoja, karibu na magamba yenyewe, uandike tarehe kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha karatasi ukifunge hapo. Kila wiki ibandue, iangalie kwa kioo cha kukuza, na uweke nyingine. Nukta ndogo za manjano au chungwa zenye miguu ni vitoto. Njia ya haraka zaidi ni kuweka karatasi nyeupe chini ya tawi na kulipiga mara tatu, kisha kutazama kama kuna nukta zinazotembea.

Nukta zikianza kuonekana kwa wingi, subiri siku saba hadi kumi ili wengi watoke, kisha puliza mara ya kwanza. Ukipuliza siku ya nukta ya kwanza, mayai yaliyobaki chini ya magamba yataanguliwa baada yako.

Hapa mahali panaleta tofauti. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni baridi. Mara nyingi utaona mawimbi ya vitoto yaliyo wazi, hasa miti inapochipua baada ya mvua kuanza. Kisumu, karibu mita 1,130 na joto mwaka mzima, vizazi hupandana: mayai, vitoto na wakubwa utawakuta kwenye tawi moja mwezi wowote. Huko usingoje wimbi kubwa. Puliza pale selotepu inapojaa, na ujipange kurudia mara tatu. Kakamega na Bungoma, mvua kubwa za alasiri huosha vitoto vingi zenyewe, kwa hiyo kipindi kibaya huwa ni kiangazi, na hapo ndipo ukaguzi usikosekane.

Hatua ya 6: Mafuta na sabuni

Silaha ya kwanza ni mafuta ya kupulizia mimea, yale mepesi yaliyosafishwa yanayouzwa agroveti kwa ajili ya michungwa na maua. Huziba vitundu vya kupumulia vya mdudu. Hayabaki kwenye jani yakishakauka, hivyo nyigu akija kesho yake hafi.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 1 hadi 2: mililita 200 hadi 400 kwenye pampu ya lita 20. Tumia 1 kwenye majani machanga na 2 kwenye matawi na majani yaliyokomaa. Lebo ikisema vingine, fuata lebo. Jaza pampu nusu kwa maji, mimina mafuta, tikisa, kisha jaza. Mafuta huelea, usipotikisa kila dakika chache, kichaka cha kwanza kitapata maji matupu na cha mwisho kitaungua.

Sabuni ni mbadala mzuri kwa vitoto na wa gamba laini walio wachanga. Sabuni laini ya potasiamu ya agroveti ndiyo bora. Ukitumia sabuni ya mche, kwangua gramu 200, yaani robo ya mche wa gramu 800, yeyusha kwa lita mbili za maji moto, chuja kwa kitambaa, ongeza maji hadi lita 20. Hiyo ni asilimia 1. Kwa mimea laini anza na gramu 100. Kabla ya yote, jaribu maji yako: weka sabuni kidogo kwenye chupa ya maji hayo na utikise. Yakifanya utando mweupe mgumu badala ya povu, ni maji magumu na sabuni haitafanya kazi. Tumia maji ya mvua. Sabuni ya unga ya kufulia usiitie kabisa, ina vitu vinavyounguza majani.

Mafuta ya mwarobaini, mililita 100 hadi 200 kwa lita 20 pamoja na vijiko vitatu vinne vya sabuni ya maji ili yachanganyike, hufaa kwa vitoto. Mafuta ya kupikia yakichanganywa na sabuni hufanya kazi kiasi, lakini huunguza kwa urahisi zaidi. Oili chafu ya gari, dizeli na mafuta ya taa, tunayoyaona yamepakwa mashina ya michungwa toka Njoro hadi Siaya, huua gome pamoja na mdudu.

Puliza kijiti kimoja kwanza, ngoja siku mbili hadi saba. Jani lisipobadilika rangi, endelea. Siku ya kupuliza:

Anza alfajiri na umalize kabla ya saa tatu asubuhi. Joto likipita nyuzi 30, acha. Kisumu hilo hutokea mapema. Usipulize mti wenye kiu: umwagilie vizuri siku moja au mbili kabla. Asubuhi ya unyevunyevu mzito ambapo majani hayakauki hadi saa sita, kama ilivyo karibu na msitu wa Kakamega, mafuta hukaa majimaji muda mrefu mno na huunguza, hivyo chagua siku yenye upepo mdogo wa kukausha. Na kama ulipuliza salfa, subiri mwezi mmoja kabla ya mafuta, maana vikikutana huunguza vibaya.

Tumia nozeli ya koni, igeuze itazame juu, na upulize kutoka ndani ya kichaka kwenda nje, kisha chini ya majani, kisha juu. Mafuta na sabuni huua kile yanachokigusa tu. Kichaka cha mita mbili huhitaji lita mbili hivi mpaka maji yaanze kudondoka. Ua wa mita 10 wenye kimo cha mita moja na nusu, pande zote mbili, humaliza karibu pampu nzima. Anayejisifu kwamba pampu moja ilimtosha ploti nzima, hakugusa upande wa chini wa majani.

Rudia baada ya siku 10 hadi 14, na kama bado selotepu ina nukta, mara ya tatu. Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu hata kwa sabuni.

Hatua ya 7: Dawa za dukani, na pale zinapodhuru

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kununua dawa ya jamii ya pairethroidi kwa sababu ni rahisi na huua kila kitu, kisha kupuliza kila wiki mbili. Mabaki yake kwenye jani huendelea kuua nyigu na wadudu-kibibi kwa wiki nyingi, magamba yaliyojifunika hubaki, na kizazi kinachofuata hakina adui. Baada ya miezi mitatu ua una magamba mengi kuliko mwanzo, na mara nyingi utitiri juu yake. Mwenye ua hudhani wadudu wamezoea dawa. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi ameua askari wake mwenyewe.

Dawa zinazozuia mdudu kujivua ngozi, kama buprofezini na pairiproksifeni, hulenga wachanga na ni bora kidogo, ila nazo huharibu mayai na lava wa wadudu-kibibi. Usizitumie mahali ambapo umeona wadudu-kibibi wakila Icerya. Hapo watamaliza kazi wenyewe. Mwaka 1888 na 1889 mdudu-kibibi Rodolia cardinalis alitolewa Australia na kuachiliwa kwenye michungwa ya California, akammaliza Icerya kwa muda mfupi, na mpaka leo ndiye adui wake mkuu duniani.

Imidaklopridi inayomwagwa kwenye udongo hupanda na utomvu na kuwafikia wadudu wa gamba laini vizuri. Kwa wa gamba gumu husaidia kidogo sana, kwa kuwa hao hawanyonyi kwenye mishipa ya utomvu. Hunyonya seli za gome na jani. Ndiyo sababu dawa ileile ilisafisha gadenia ya jirani na ikashindwa kwenye waridi lako. Dawa hii huingia pia kwenye chavua na asali. Usiitumie kwenye mti unaochanua au unaokaribia kuchanua, kwenye mti wa matunda usiotajwa kwenye lebo, wala karibu na mtaro, kisima au ufuo wa ziwa. Jakaranda iliyojaa maua na nyuki si mahali pake.

Kwa dawa yoyote, tazama lebo kama ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu, kama muhuri wa chupa haujafunguliwa, na kama mmea wako au mdudu wako umetajwa. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda usiinunue hata ukiambiwa ni ileile.

Mti mrefu kuliko mita nne au tano haupuliziki vizuri kwa pampu ya mgongoni, na kusimama kwenye ngazi ukipuliza juu ya kichwa chako ni kujimwagia dawa. Kwa mti wa namna hiyo pogoa matawi ya chini, zuia sisimizi, umwagilie, na uache maadui wa asili wafanye kazi. Kama lazima upulizwe, tafuta fundi mwenye mashine ya injini na mavazi kamili. Miti ya kando ya barabara ni ya umma, mara nyingi chini ya kaunti. Omba ruhusa kabla ya kuipogoa au kuimwagia chochote.

Hatua ya 8: Baada ya wiki nne

Usihukumu kwa macho. Minya tena magamba mia moja kama mwanzo na ulinganishe walio hai. Wakishuka kutoka 80 hadi 20, umefaulu, hata kama shina bado ni jeupe. Kisha tazama machipukizi mapya: yakiwa safi kwa miezi miwili, acha kupuliza.

Wakati huo ulishe mti kwa kiasi. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, iwe ya CAN, urea au samadi mbichi ya kuku, huleta majani laini yenye utomvu mwingi, na jike la gamba hutaga zaidi juu yake. Samadi iliyoiva na matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiyogusa shina, yanatosha. Mti mchanga Januari upate lita 20 za maji taratibu mara moja kwa wiki kuliko lita mbili kila jioni.

Kama humtambui mdudu, funga kijiti kwenye gazeti kikiwa kikavu, ndani ya bahasha, ukipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi au kliniki ya mimea. Kwa miti, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina vituo Londiani na Maseno. Kwa mazao na matunda, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ipo Njoro. Usikiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kitaoza njiani na hawataona kitu.

Miche mipya ndiyo njia kuu ambayo magamba huingia kwenye ploti safi. Kwenye vitalu vya kando ya barabara, geuza majani, tazama maungio na sehemu ya shina iliyo karibu na udongo, na uangalie kama sisimizi wanapanda mfuko. Mche wenye sisimizi wengi uache hapohapo, hata ukipunguziwa bei. Iliyobaki iweke peke yake wiki tatu hadi nne, mita kadhaa kutoka kwenye ua wako, ikiwa na selotepu kwenye kijiti kimoja, kabla ya kuipanda.